Rangi Kisimani

Bwana Afya aliinua sufuria la unga wa vitumbua kwa mikono miwili, akalipeleka hadi ukingoni mwa mtaro, akalimwaga. Unga ulikuwa umeumuka vizuri tangu alfajiri. Ulishuka taratibu, mzito na mweupe, ukaendelea kunukia iliki hata ulipochanganyika na tope. Wateja waliokaa kwenye benchi la barazani wakasimama mmoja mmoja. Yule aliyekuwa na kitumbua mdomoni hakujua akimeze au akiteme.

"Kuanzia leo hapa hapauzwi chai wala kitumbua mpaka nitakaposema," Bwana Afya alitangaza. Jina lake Alois, mtu wa Ziba, mrefu, mwenye koti la kaki lililopauka mabegani. "Watu wanaharisha mtaa mzima, na karibu wote wamekula hapa."

"Na majumbani kwao je, hawakula?" aliuliza Maua, mwenye vitumbua. Hakupaza sauti. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta, akaifuta kwenye kanga pole pole, kidole baada ya kidole, kana kwamba ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

Batuli, bintiye, alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika la chai. Alikuwa amerudi likizo ya Desemba, mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, na baada ya likizo angeingia kidato cha sita. Alitaka kusema neno, lakini sauti ya Mwanajuma, jirani wa ukuta kwa ukuta, ikamtangulia.

"Mimi nilisema! Mume wangu amelala hoi siku ya ngapi hii. Nilisema kuna mtu anatulisha uchafu."

Hapo ndipo Mabruki alipotokea kutoka karakana yake ya useremala, vumbi la mninga limemjaa kichwani. Alikuwa baba mwenye nyumba, na zaidi ya hapo alikuwa balozi wa nyumba kumi; neno la Chama na Serikali likishuka mtaani Chemchem, lilishukia kwake kwanza. Alimtazama mkewe, akatazama sufuria tupu, akamtazama Alois.

"Bwana Afya, ungenipasha habari kwanza. Mimi ndiye balozi hapa."

"Ugonjwa haungoji kikao, ndugu balozi."

Mabruki akapangusa vumbi kichwani. Watu walikuwa wakimtazama. "Serikali ikishasema, imesema," alisema mwishowe, na mkewe akageuka akaingia ndani bila kumtazama.

Mchana ule mzima hakuna aliyepita pale barazani. Hata wale waliozoea kukatiza uani kwenda kisimani walichota haraka haraka na kuondoka bila kumsabahi mtu.

* * *

Jioni Bibi Tatu, mama yake Mabruki, alikataa uji. Alisema tumbo linamsokota. Kabla ya giza kuingia alikuwa amekwenda chooni mara nyingi hata miguu ikamwishia nguvu, na Batuli ndiye aliyemshika mkono huku na huko.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia kwa utani wake wa siku zote, ingawa midomo ilikuwa imekauka, "ukisikia mtu anasema nimekula vitumbua vya Maua, mwambie mwongo. Tangu meno yanitoke sijala kitumbua."

Batuli alicheka. Halafu akaacha kucheka. Neno lile lilimkaa.

Asubuhi walimpeleka bibi hospitali, akalazwa. Waliporudi, Maua alikaa jikoni mbele ya jiko lililozimwa, karai la vitumbua limefunikwa kifudifudi kando yake. Batuli akachutama karibu naye.

"Mama, nataka kwenda kwa Bwana Afya."

"Kumtukana? Utatuongezea balaa."

"Kumfuata kazini."

Maua alimgeukia kama aliyesikia lugha ya kigeni. Ikabidi Batuli aeleze. Kabla ya kufunga shule, Mwalimu Eustadia, aliyekuwa akiwashauri wasichana juu ya kazi, alikuwa ameingia darasani na kuwauliza wanataka kuwa nini. Nusu ya darasa walisema karani wa benki. Akawauliza karani wa benki anafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyejua. Walijua tu kwamba anakaa kivulini na anavaa viatu vizuri. "Basi mnataka viatu," mwalimu alisema. "Mwakani nchi itawauliza mchague kazi, na mtachagua viatu." Akawaagiza kila mmoja atumie likizo kumfuata mtu kazini kwake: amwone anaanza na nini asubuhi, kitu gani kinamchosha, kitu gani kinamfanya asahau njaa, na mwisho amwulize kama angezaliwa upya angeichagua tena kazi ile. Asiandike. Aangalie, kisha aje asimulie.

Batuli alikuwa ameshakwenda benki. Alikaa karibu na dirisha la karani mmoja, mtoto wa shangazi yake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameona yote ya kuonwa. Alikwenda pia stesheni, kwa Mzee Omari wa simu za reli. Pale alifurahi zaidi: mlio ule wa simu, Tura ikiita, Tabora ikiitika, na mzee akijua treni iko wapi bila kuiona. Lakini Mzee Omari alipoulizwa kama angeichagua tena, alisema, "Mwanangu, mimi sikuichagua hata mara ya kwanza," akarudi kwenye mtambo wake.

"Kwa hiyo," Maua alisema, "katika watu wote wenye kazi mjini hapa, umemchagua aliyenimwagia unga wangu mtaroni."

"Mama, bibi hali vitumbua."

"Najua kama hali."

"Basi ameugua kwa nini?"

Maua alilishika karai lake, akaligeuza, akaliangalia ndani, akalifunika tena. "Nenda," alisema. "Lakini usile kitu chake."

* * *

Ofisi ya Alois ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya mji, kimejaa madebe ya dawa na makoleo. Batuli alimkuta anafunga baiskeli yake kamba ya mzigo. Alois alimtambua mara moja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na balozi? Kama ni malalamiko, yapelekwe tawini kwa Chama."

"Sijatumwa. Natafuta kazi nitakayosomea. Naomba nikufuate leo nione unafanya nini."

Alois alimtazama kitambo. Kwa muda wote aliofanya kazi hiyo, watu walikuwa wamemkimbia, wamemfungulia mbwa, wamemfichia nyama; hakuna aliyewahi kuomba kumfuata. "Kazi ya bwana afya?" aliuliza. "Msichana?"

"Bado sijasema nimeichagua. Naangalia."

"Haya. Beba debe hilo la dawa. Hii ndiyo kazi yenyewe, kubeba."

Walizunguka nyumba baada ya nyumba, yeye akisukuma baiskeli, Batuli debe kichwani. Batuli aliona upesi kitu kimoja kilichomshangaza. Alois alikuwa anajua mengi juu ya magonjwa, lakini hakujua kuuliza. Alisimama mlangoni akasema, "Nani anaumwa hapa? Mmekula nini?" Na watu, ambao walikwisha kusikia habari za Maua, walijibu wote jibu moja kama waliofundishwa: vitumbua. Ilikuwa rahisi. Ukisema vitumbua, Bwana Afya haingii ndani kukagua mtungi wako wala jiko lako.

Kwenye nyumba ya nne au ya tano, Alois akiwa nje anapima umbali wa shimo la taka, Batuli alimsaidia mwenye nyumba kupepeta mchele. Wakazungumza juu ya mvua, juu ya bibi, juu ya bei ya kanga. Kisha akauliza, kama vile haulizi, "Vitumbua vya mama mlikula siku gani?"

Yule mama akaona haya. "Aa, mwanangu, sisi tangu mwezi mtukufu hatujanunua. Nilisema tu kwa kuwa kila mtu kasema."

Batuli alipotoka alimweleza Alois. Bwana Afya alisimama na utepe wake wa kupimia mkononi.

"Kwa nini mimi hakuniambia?"

"Wewe umemwuliza umesimama."

Alois alikunja uso. Batuli alidhani atamfukuza. Lakini yule mtu akakunja utepe, akautia mfukoni. "Nyumba inayofuata," alisema, "anza wewe."

Kutoka hapo kazi ikabadilika. Batuli aliingia na kukaa, Alois akamfuata na kukaa. Wakipewa maji, hawakunywa ila waliuliza yametoka wapi. Kila jibu Alois alilipokea na kuuliza jingine: nani alianza kuugua, mkubwa au mdogo, kabla ya mvua kubwa kuanza au baada yake. Na Batuli alianza kuona kwamba maswali yale hayakuwa ya udaku. Yalikuwa kama kufuata nyayo. Aliona mtaa wake, alimozaliwa na kukulia, kwa namna ambayo hakuwahi kuuona, nyumba zikishikana kwa vitu visivyoonekana: ndoo aliyoazima huyu, mtungi aliojaza yule, mtoto aliyekwenda kunywa kwa jirani. Njaa ilimpita bila kujua.

Mwisho wakafika kwa Bi Apolinaria, mke wa fundi wa reli. Nyumba yote wazima. Watoto wanaruka.

"Ninyi hamli vitumbua?" Alois aliuliza.

"Hatuli?" Bi Apolinaria alicheka. "Baba watoto haendi zamu bila vitumbua vya Maua. Tangu umvunjie biashara yake anakwenda na kiporo. Wewe Bwana Afya una lako."

Batuli alisogea mbele. "Maji mnachota wapi, Bi Apolinaria?"

"Bombani, huko kambi ya reli. Mbali, lakini baba ndivyo alivyozoea."

Walipotoka walitembea mpaka kwenye kona, kisha Batuli akatua debe chini.

"Wanakula na hawaumwi," alisema. "Na bibi yangu hali na anaumwa. Bwana Afya, wote wanaoumwa wanachota kwetu."

"Nimeona," Alois alisema taratibu.

Kisima kilichokuwa uani kwa Mabruki kiliitwa Kisima cha Abasi. Abasi, babu yake Mabruki, alikichimba zama za misafara, wakati wapagazi walipofika Tabora na pembe mabegani na ndimi zimekauka. Walikunywa pale bila kutozwa kitu, wa kutoka Ujiji na wa kutoka pwani sawasawa, na tangu hapo ikawa mwiko katika ukoo kumnyima au kumlipisha mtu maji. Kizazi baada ya kizazi kilikunywa na hakuna aliyedhurika.

"Kisima kile ni cha zamani," Batuli alisema. "Kwa nini kidhuru sasa? Kitu gani kipya?"

Aliuliza tu, kwa kuwa swali lilikuwa limefika hapo lenyewe. Lakini alipomtazama Alois aliona uso wake umebadilika, na kabla hajajibu, Batuli akajua.

Choo. Wakati wa kampeni, kila nyumba ilipotakiwa kuchimba choo, Mabruki alitaka nyumba ya balozi iwe ya kwanza. Choo cha zamani kilikuwa kimebomoka mwisho kabisa wa kiwanja, penye mawe. Yeye alichimba kipya pale udongo ulipokubali jembe, kwenye kichanga, mwendo mfupi upande wa juu wa kisima. Alichimba kirefu kupita vyote, akakiwekea sakafu ya saruji na mlango wa mninga aliouranda mwenyewe. Wageni kutoka mitaa mingine waliletwa kukiangalia.

"Mimi ndiye niliyewaleta," Alois alisema. "Nilisimama palepale nikasema, kila mtu na aige. Sikupima. Nilikiona kizuri, nikasahau kupima."

* * *

Alois alitaka kwenda na amri ya maandishi. Batuli alimwomba amwachie. "Ni baba yangu," alisema. "Ukimjia na amri mbele ya watu, atasimama na amri yake. Acha nimwulize."

Alimkuta Mabruki karakanani anaranda ubao wa kitanda. Alimwamkia, akaokota maranda na kuyakusanya pembeni kama alivyozoea tangu utotoni. Baba aliendelea kuranda.

"Umemaliza kutembea na adui wa mama yako?"

"Baba, naomba kukuuliza. Choo chetu, ulipochimba, ulikuta maji?"

Randa ikasimama.

"Nilikuta unyevu. Kwa nini?"

"Na kutoka hapo mpaka kisimani, ulipima?"

"Batuli." Mabruki aliweka randa chini. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na hiyo ilimtisha binti kuliko kelele. "Nimekupeleka shule. Watu walisema mtoto wa kike anatosha akijua kusoma Kurani na kuandika jina lake, nikawapuuza. Leo unarudi kunipima mimi? Unataka kusema nimewanywesha watu kinyesi? Kisima cha Abasi?"

"Sijasema, baba. Nauliza. Bwana Afya ana rangi, haina sumu. Inamwagwa chooni. Kama choo na kisima havijuani, maji yatabaki meupe, na mtu wa kwanza kumwomba radhi mama atakuwa Bwana Afya mwenyewe, barazani, mbele ya watu wale wale. Kama vinajuana..." Hakumaliza.

"Kama vinajuana, nitauweka wapi uso wangu?"

Lilikuwa swali la kweli. Batuli alisema lililomjia. "Bibi amelazwa, baba. Anakunywa maji yale."

Mabruki alikaa juu ya ubao. Nje kulisikika ndoo ikigonga ukingo wa kisima, mtu anachota. Alisikiliza mpaka ndoo ilipopanda juu. Halafu akainuka, akatoka mwenyewe, na Batuli akamsikia akisema, "Mwanajuma, leo usichote. Nitakueleza. Nenda bombani."

"Sasa tunanyimwa na maji!" Mwanajuma alifoka. "Kwa babu yako haikuwa hivi!"

"Haikuwa hivi," Mabruki alikubali, akafunika kisima kwa ubao.

* * *

Rangi ilikuwa unga mwekundu ndani ya kikopo kidogo. Alois aliukoroga katika ndoo ya maji, na papo hapo ukageuka kijani kinachong'aa, kijani ambacho Batuli hakuwahi kukiona kwenye jani wala kwenye nguo. Mabruki alisimama mlangoni mwa choo chake mikono nyuma. Alois alimpa Batuli ndoo, naye akamtazama baba kwanza. Baba akatikisa kichwa kuruhusu. Akaimwaga.

Wakangoja. Mtaa ulinung'unika, kwa kuwa bomba lilikuwa mbali na foleni ndefu. Wengine walisema balozi anataka kuanza kuuza maji. Maua aliacha karai lake limefunikwa; kila asubuhi alichota ndoo moja, akaimimina katika beseni jeupe la kaure, akaliweka juani. Maji yalikuwa meupe. Siku iliyofuata, meupe. Mabruki alianza kupiga mluzi karakanani. Batuli alijikuta ana mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja: aliomba dua maji yabaki meupe, na papo hapo alitamani kujua, kutamani kwa namna iliyomtia aibu, kama mtu anayechungulia mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Ndivyo ilivyo," Alois alimwambia alipomsimulia. "Mimi huwa naombea niwe nimekosea. Mara chache dua hupokelewa."

"Ungezaliwa upya ungeichagua tena?"

Alois alifikiri kweli kweli. "Huko Ziba nilipokuwa mdogo, mama alizika watoto watatu. Kila mara watu walitafuta mchawi, na kila mara walimpata. Bibi mmoja walimfukuza kijijini. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa lambo tulimokunywa maji pamoja na ng'ombe. Ningeichagua tena. Lakini ningejifunza kukaa chini mapema zaidi."

Kisha mvua ikanyesha alasiri nzima, mvua ya Tabora inayogonga mabati kama kokoto. Asubuhi yake Maua alifunua kisima, akatia ndoo, akavuta, akamimina katika beseni.

Hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, kama alivyomwita siku zote. "Baba Batuli."

Mabruki alikuja na kazi ya kwanza ya siku mkononi, mguu wa kiti. Walisimama watatu kuzunguka beseni. Rangi haikuwa kali. Ilikuwa hafifu, kama jani changa la mgomba likipitwa na mwanga. Lakini ilikuwa rangi. Mabruki aliinama, akatia vidole, akaviinua na kuviangalia. Batuli alitaka kusema pole, lakini ndiye aliyemwaga rangi.

"Nenda kaziite nyumba zote," baba alisema.

"Baba, Bwana Afya anaweza kueleza yeye..."

"Kisima ni cha nani?"

* * *

Walikuja wote, wengine na ndoo zao wakidhani maji yanafunguliwa. Mabruki alitoa beseni jeupe, akaliweka juu ya benchi lile lile la wateja wa Maua.

"Ndugu zangu," alisema, "mlisema kuna mtu anawalisha uchafu. Mlisema kweli. Ni mimi."

Aliwaeleza yote, bila kupamba: kichanga, haraka ya kuwa wa kwanza, rangi. Alipofika mahali pa kusema kwamba Bwana Afya naye alikipitisha choo, Alois alifungua mdomo kukiri, lakini Mabruki hakumtaja. Akapita.

Kijana mmoja wa nyuma akacheka. "Kumbe tulikuwa tukimsifia balozi kwa choo tunachokinywa!" Kicheko kikaenea, kikali, kisichokuwa na huruma, na Mabruki akasimama akakipokea chote. Batuli aliona masikio ya baba yakiwiva. Hakuinamisha kichwa.

Mwanajuma ndiye aliyekikata kicheko. Alitazama beseni, akatazama Maua aliyekuwa amesimama kando ya nguzo. Kila mtu alingoja aombe radhi. Hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ya ukali, "Na huyu mwenye vitumbua atafunguliwa lini? Mume wangu ameanza kuulizia."

"Leo," Alois alisema. Akamsogelea Maua, koti lake la kaki likiwa na matope ya mvua. "Mama, niliumwaga unga wako pasipo kuuliza. Naomba radhi."

"Pasipo kusabahi pia," Maua alisema.

"Pasipo kusabahi pia."

Maua alimwacha asimame hapo kidogo, watu wakitazama, kama yeye alivyotazamwa. "Nitaloweka mchele," alisema.

Adhuhuri Mabruki alichukua nyundo kubwa, akavunja kwa mkono wake sakafu ile ya saruji, akajaza shimo. Mlango wa mninga aliung'oa na kuuhifadhi. Choo kingine kingechimbwa penye mawe, hata kama majembe yangeisha yote, na safari hii walikuja wanaume wa nyumba kumi kusaidia, akiwemo yule kijana aliyecheka. Kisima walikitia dawa na kukifunga mpaka masika yapite na maji yapimwe upya. Mwiko wa ukoo ulikuwa hauna neno juu ya kisima kilichofungwa, kwa hiyo Mabruki aliweka pipa barazani, na kila asubuhi alilijaza maji ya bombani kwa mkokoteni wake ili mpita njia asikose kunywa.

* * *

Bibi Tatu alirudi kutoka hospitali amekonda kama ufito, akiwatania manesi waliomleta. Likizo ilikuwa inakaribia kwisha. Siku moja Alois alipita na baiskeli, akateremka, akasabahi kila mtu kwa zamu, hata bibi kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," akakaribishwa kiti na kitumbua. Akaanza kukila. Ndipo akasema kwamba kutoka Tura kumefika habari: watu wanaharisha, na wanamtuhumu mwanamke mmoja mgeni anayeuza pombe karibu na stesheni. Yeye angepanda treni ya asubuhi kwenda huko.

Batuli alijifanya anaendelea kumenya nazi, lakini kisu kilikuwa kimesimama. Maua alikiona. Mabruki pia.

"Baba," Batuli alisema.

"Sijakataa. Hata hujauliza."

"Ni siku mbili tu. Nitafikia kwa dada yake Mzee Omari aliye huko."

Bado kulikuwa na watu waliompita Mabruki njiani na tabasamu la pembeni, na tawini walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kuchagua balozi mwingine. Alimtazama binti yake kwa muda, kama anavyotazama ubao kabla ya kuamua utafaa nini.

"Huko Tura kuna mtu," alisema, "amechimba shimo, au amejenga kitu, au amefuga kitu, na hajui. Anajiona mwema. Mtamfikia nyumbani kwake mumwambie ni yeye."

"Ndiyo, baba."

"Usimwambie. Mwulize, kama ulivyoniuliza mimi. Na ukishamwuliza, usiondoke. Kaa naye mpaka aweze kusimama."

Batuli aliinuka akaenda kutafuta kanga ya safari. Alois akamalizia kitumbua chake, akafuta vidole, na bila kuambiwa akaenda kuomba maji ya kunawa.